Mkono umerudi, mchele haujalowekwa

Ilikuwa saa kumi na nusu alfajiri, Ngamiani, Tanga, na jiko la mkaa lilikuwa limekolea. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake cha siku zote, chuma cha vitumbua kiko motoni, mafuta yameanza kutoa moshi. Pembeni yake palikuwa na nazi mbili: moja imekunwa ikaisha, ya pili imeachwa katikati, bado imelalia mbuzi. Iliki imetwangwa, sukari imepimwa, hamira imefura povu kikombeni. Kilichokosekana ni mchele. Mchele ulikuwa ndani ya mfuko, mkavu, haujaonja maji.

Asiyejua vitumbua aelewe hivi: mchele hulowekwa jioni ukalala majini, alfajiri ukasagwa na tui, ukaachwa uumuke, ndipo uchomwe. Ukiukumbuka alfajiri umeshachelewa usiku mzima. Shangazi aliyajua haya kabla sijazaliwa. Nilimuuliza palepale vitumbua hupikwaje, akanieleza hatua zote bila kuruka hata moja, mpaka na kiasi cha hamira wakati wa baridi. Kisha akarudi kuutazama moto, kama mtu anayesubiri kuambiwa zamu ni ya nani.

Hiyo ilikuwa asubuhi yake ya kwanza kurudi kazini. Miezi saba nyuma alikuwa ameanguka uani, upande wa kushoto ukalegea, mdomo ukapinda. Wa kwanza kufika alisema ni upepo, wa pili akasema ni presha, na bahati ikawa kwamba huyo wa pili ndiye aliyekuwa na bajaji. Hospitali ikafanya yake. Daktari wa mazoezi akamfundisha kufinya mpira, kushika kikombe, kuvuka kizingiti. Mwezi wa tano mkono ukashika, mguu ukapanda ngazi, tukasoma dua, tukapika pilau, na kila aliyekuja kumjulia hali aliambiwa, "Mwenyewe huyo, anatembea."

Ndiyo maana mchele ule mkavu ulituudhi kuliko ulivyotuhuzunisha. Binamu yangu alisema mama anadeka. Jirani akasema huo ni ugonjwa wa kuuguzwa: ukizoea kuletewa, huinuki tena. Mimi nilinyamaza, na sikunyamaza kwa hekima. Nilikuwa nawaza hayohayo.

Kisa kinachofanana na hiki kiliandikwa zamani, tena na daktari. Mwaka 1928 Wilder Penfield, bingwa wa upasuaji wa ubongo mjini Montreal, Kanada, alimpasua dada yake wa damu, Ruth, kumwondolea uvimbe uliokuwa sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kulia. Dada alipona kwa kiasi cha kushukuru. Alizungumza vizuri, alikumbuka mambo, alicheka na wageni. Daktari mwingine angefunga faili hapo, lakini Penfield alikuwa anamtazama kwa macho ya kaka.

Miezi kama 15 baada ya upasuaji, Ruth alipanga kuandaa chakula cha jioni cha kawaida tu: mgeni mmoja, ambaye ni kaka mwenyewe, na watu wanne wa nyumbani. Aliingoja siku hiyo kwa furaha na alikuwa na mchana kutwa wa kujiandaa. Saa ya kula ilipofika alikuwa jikoni. Vyakula vyote vilikuwepo, kitu kimoja au viwili viko motoni, lakini saladi haijawa tayari, nyama haijaanzwa, na yeye mwenyewe amehemewa, amechoka kwa kuhangaika peke yake siku nzima. Waliposaidiana, kazi ikamalizika upesi, watu wakakaa mezani, na Ruth akazungumza na kucheka kama mtu asiye na tatizo lolote. Penfield na mwenzake Evans walikichapisha kisa hicho mwaka 1935. Nilipokisoma niliiona nyama ile ambayo haijaanzwa, na mara moja nikauona mfuko wa mchele.

Kule ulikuwa uvimbe na kisu cha daktari, huku kwa Shangazi ni kiharusi, mshipa wa damu. Kilichopotea ni kilekile.

Babu yetu alikata mkonge katika mashamba ya Tanga, na Shangazi anawakumbuka manyapara. Nyapara hakukata hata jani moja. Kazi yake ilikuwa kujua nani aanze wapi, nani aache, kipi kisubiri, na kama mzigo utatimia kabla jua halijawa kali. Ubongo nao una nyapara. Mkono una kibarua wake, ulimi una wake, kumbukumbu ina wake. Lakini yuko anayeamua kazi ianze sasa, anayeshikilia lengo akilini wakati mikono inafanya jambo jingine, anayekatiza kazi ya kukuna nazi ili jambo la haraka zaidi lifanyike, na anayetazama nyuma kuona kilichosahauliwa. Makao yake makubwa ni nyuma ya paji la uso. Nyapara hashiki panga, kwa hiyo siku akikosekana huoni pengo lolote shambani. Vibarua wote wapo, wazima, na kazi haiendi.

Na si lazima paji la uso liguswe. Nyapara anatoa amri kwa nyaya ndefu zinazopita ndani kabisa ya ubongo, na huko ndani mishipa ya damu ni myembamba mno. Presha ya miaka mingi huikomaza, ikawa migumu, ikaziba mmoja mmoja au ikapasuka. Mtu anaweza kupata kiharusi kidogo huko chini, mkono usilegee hata kidogo, mdomo usipinde, na bado nyapara akawa amekatiwa mawasiliano. Mgonjwa wa namna hii hata haitwi mgonjwa. Huitwa mtu aliyebadilika.

Kuna jambo jingine linalofungamana na hili, nalo ndilo linalovunja ndoa. Baada ya kiharusi, takriban mtu mmoja kati ya watatu hupoteza ile hamu ya kuanza jambo. Halii, hasikitiki, hana kinyongo na mtu. Amekaa tu. Ukimshika mkono atakwenda, ukimwachia atabaki pale ulipomwacha. Inafanana na huzuni kubwa lakini si ileile, na mtu anaweza kuwa na moja bila nyingine. Lugha yetu ina maneno mengi ya mtu wa aina hii, na karibu yote ni matusi: mvivu, mzembe, zoba, goigoi. Sikumbuki neno hata moja la mtaani linalosema kwamba mtu huyu anataka, ila kitufe cha kuanzia kimekatika.

Sasa tufike kwenye mazoezi ya viungo, ambayo ndiyo tegemeo la kila familia. Mtaalamu anamwona mgonjwa nusu saa, pengine mara moja au mbili kwa wiki, pengine kwa mwezi. Yaliyobaki yanaitwa "endelea nyumbani." Neno hilo moja limebeba mzigo mzito: kukumbuka kwamba kuna mazoezi, kuacha ulichokuwa unafanya, kuanza bila kuambiwa, kuhesabu mara kumi, kugundua kwamba leo bega linajisaidia badala ya kiwiko, kurekebisha, na kesho kurudia. Kazi hizo zote ni za nyapara. Tukimpa mtu mazoezi ya mkono bila kumtazama msimamizi wake, tumeajiri vibarua tukasahau nani atawaamsha. Mikono mingi inayosemekana "imegoma kurudi" pengine haikugoma, haikuitwa.

Kutembea nako kumo humuhumu, ingawa wengi hudhani ni shughuli ya miguu tu. Mtu mwenye afya hatembei kwa kufikiri. Aliyepigwa na kiharusi hutembea kwa kufikiri, kila hatua anailipia kutoka katika mfuko mmoja wa umakini, na mfuko wenyewe umepungua. Mwaka 1997 watafiti wa Umeå, Sweden, walichapisha uchunguzi mdogo ulio rahisi kiasi cha kuchekesha. Walitembea na wazee 58 wa makao ya wazee, huku wakianzisha mazungumzo njiani, wakaangalia nani anasimama ili ajibu. Wazee 12 walisimama. Katika miezi sita iliyofuata, 10 kati ya hao 12 walianguka. Hawakuwa wagonjwa wa kiharusi wote, lakini kilichoonekana pale ndicho wataalamu wa utengamao, yaani wa kumrudisha mgonjwa katika shughuli zake, wanachokiona kila siku: ubongo uliolemewa hauwezi kuhudumia miguu na ulimi kwa wakati mmoja.

Nikafikiria barabara ya mtaa wetu. Kule Umeå ilibidi mtafiti aanzishe mazungumzo makusudi. Ngamiani mazungumzo yanakufuata. Shangazi hawezi kwenda hatua ishirini bila shikamoo, marahaba, habari za usiku, mguu unaendeleaje, wajukuu hawajambo, na kila salamu inataka jibu lake kamili, maana kujibu nusu ni utovu wa adabu. Mara zote mbili alizoanguka baada ya kuanza kutembea, alianguka akiitikia salamu. Tulilaumu ndala. Siku hizi anasimama kwanza, anashika ukuta au bega la mtu, ndipo anaitikia. Watu wamezoea. Wengine wanadhani ni heshima iliyozidi.

Hospitalini nyapara huyu hupimwaje? Mara nyingi hapimwi. Mgonjwa anaulizwa jina lake, siku ya leo, rais ni nani. Akijibu, akili inaandikwa kuwa nzima. Lakini maswali hayo ni ya kumbukumbu, hayamgusi nyapara. Vipo vipimo bora zaidi. Kimoja kinaitwa MoCA, kilitoka Montreal vilevile, kikachapishwa mwaka 2005 na Ziad Nasreddine na wenzake, kina alama 30. Ndani yake mtu huunganisha kwa kalamu namba na herufi kwa kupokezana, moja kisha A, mbili kisha B, na huchora saa ya ukutani inayoonyesha saa tano na dakika kumi.

Hapo kwenye saa msomaji wa Kiswahili ameshaona mtego. Kwa Kiingereza wakati huo huitwa kwa namba iliyo pale mshale mfupi unapoelekea. Sisi tunasema "tano" na mshale unaelekea 11. Mzee aliyepigwa na kiharusi akiambiwa "chora saa tano na dakika kumi" akaweka mshale kwenye 5, amekosea kwa sababu ubongo umevutwa na neno alilolisikia, jambo ambalo ndilo kipimo kinalolitafuta, au amefanya tu kile ambacho mtu yeyote asiyevaa saa angefanya? Ukibadili swali ukasema saa nyingine, umebadili kipimo. Na mzee ambaye hakushika kalamu tangu darasa la pili, mstari wake unaotetemeka unasema nini kuhusu mshipa wa damu? Si uchokozi wa lugha huu. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliotaka kuchunguza akili za wazee wengi wasiosoma waliiweka kalamu kando, wakatumia njiti za kiberiti: mzee anaonyeshwa umbo lililopangwa kwa njiti, naye apange lake lifanane. Kiberiti kila mtu ameshakishika.

Hata hivyo kipimo cha mezani kina kikomo chake, uwe na kalamu au njiti. Mwaka 1991 Tim Shallice na Paul Burgess wa London waliandika kuhusu watu watatu walioumia sehemu ya mbele ya ubongo. Mezani walifanya vizuri, wengine vizuri sana. Walipopelekwa kwenye mtaa wa maduka na orodha ya vitu vidogovidogo vya kununua, habari chache za kuulizia na masharti machache ya kufuata, wakavurugika. Mezani mtafiti ndiye anayesema anza, ndiye anayesema basi, ndiye anayeweka karatasi moja mbele yako na kuziondoa nyingine. Yeye ndiye nyapara. Sokoni hayupo.

Katika kusoma kwangu nimekutana na hali moja ngumu kuliko kusahau kupanga, nayo ni ubongo kutojua kwamba umeumia. William O. Douglas alikuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani, mwenye akili kali, mpenda kupanda milima. Tarehe 31 Desemba 1974, akiwa likizoni Bahamas, alipata kiharusi kilichompooza upande wa kushoto. Alitoka hospitali ya utengamao kinyume cha ushauri wa madaktari. Alisema kupooza ni uvumi. Aliwaalika waandishi wa habari wakatembee naye porini, na alipoulizwa kuhusu mguu akajibu kwamba ameupigia mpira mazoezini. Alirudi kazini kwenye kiti cha magurudumu. Hatimaye majaji wenzake walikubaliana kuahirisha kesi ambazo kura yake ndiyo ingeamua. Alijiuzulu tarehe 12 Novemba 1975, baada ya miaka 36 katika kiti hicho, muda mrefu kuliko jaji yeyote wa mahakama ile.

Mtu akimsoma Douglas haraka atasema ni kiburi. Huenda kiburi kilikuwepo; majaji wa aina yake hawakuwa wanyenyekevu. Lakini kutoitambua hali yako ni dalili inayojulikana sana, hasa ubongo unapoumia upande wa kulia, na huwezi kumtibu mgonjwa wa hivyo kwa kubishana naye. Asiyejua kwamba mguu hauna nguvu haoni sababu ya kuufanyia mazoezi, na atainuka kitandani usiku kwa mguu huohuo. Shangazi hakufika huko, ila alikuwa na chembe yake. Kwa miezi miwili ya kwanza ukimuuliza mkono unaendeleaje alijibu, "Huu? Umelala vibaya tu."

Nimesema wa kwanza kufika alisema ni upepo. Simcheki. Mtafiti Gerry Mshana na wenzake walilichunguza jambo hili, wakachapisha matokeo mwaka 2008: Dar es Salaam wengi waliona kiharusi ni kazi ya mashetani na uchawi, ilhali Hai, kijijini, wengi walitaja presha, mafuta na mawazo. Mji ndio uliomtaja shetani. Na mji huohuo ndio wenye viharusi vingi zaidi. Mradi mkubwa wa kuhesabu viharusi katika maeneo hayo mawili, uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet Neurology, ulikuta kwamba ukisawazisha umri, Dar es Salaam ilikuwa na viharusi vipya 315.9 kwa mwaka kwa kila watu 100,000, na Hai 108.6. Kila dakika mshipa mkubwa unapoziba bila tiba, ubongo hupoteza chembe za neva zinazokadiriwa kufikia milioni 1.9. Mzozo wa upepo na presha pale uani ulichukua, kwa hesabu ya binamu, kama robo saa.

Lakini imani ya upepo ina athari nyingine ambayo haitajwi, na inakuja baadaye, mwezi wa saba. Kama pepo ndiye aliyeushika mkono, basi mkono ukishafunguka pepo ameondoka na habari imekwisha. Kilichobaki, yaani mchele usiolowekwa, hakina pa kuwekwa ila kwenye tabia ya mtu. Waamini presha nao hawako mbali: mguu umepona, vidonge tunavyo, mama anadeka. Pande zote mbili zinakutana kwenye lawama.

Aliyetutoa hapo ni dada mmoja mtaalamu wa tiba kazi, fani ambayo wengi wetu hatukuwa hata tumeisikia. Tulidhani mazoezi ni mazoezi. Alikuja nyumbani, akakaa kwenye mkeka jikoni, hakugusa mkono wala mguu. Akauliza, "Mama, ukitaka kuuza Jumamosi asubuhi, kazi inaanza lini?"

Binamu akafungua mdomo. Yule dada akainua kidole, bila kumtazama.

Ukimya ulikuwa mrefu kuliko adabu yetu inavyoruhusu. Mwishowe Shangazi akasema, "Ijumaa."

"Ijumaa wakati gani?"

"Usiku."

"Utajuaje kwamba usiku umefika?"

Shangazi akamtazama kama anayemtazama mtoto. "Si wataadhini isha?"

"Kwa hiyo ukisikia isha?"

"Naloweka mchele."

Hilo ndilo lililokuwa somo lote la siku ya kwanza, na mimi niliona kama tumedanganywa nauli. Baadaye nilikuja kujua kwamba nyuma ya maswali yale kuna njia iliyobuniwa Kanada na Helene Polatajko na Angela Mandich, kwanza kwa ajili ya watoto wanaopata taabu ya kuratibu viungo vyao, kisha ikahamishiwa kwa waliopata kiharusi. Ina maneno manne: lengo, mpango, tenda, kagua. Mgonjwa huchagua lengo lake mwenyewe, jambo analolitaka maishani mwake. Mpango nao lazima utoke kinywani mwake. Mtaalamu anauliza tu, na anavumilia. Ukimpa mpango uliokwisha kupangwa umemfanyia kazi ileile aliyopoteza, na kesho atahitaji umfanyie tena.

Ushahidi upo wa kiasi. Mwaka 2015 Elizabeth Skidmore na wenzake wa Pittsburgh, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio la watu 30 waliokuwa wamelazwa kwa ajili ya utengamao baada ya kiharusi, wote wakiwa na upungufu wa kufikiri. Nusu walifundishwa kujipangia kwa njia ya namna hii. Wengine walipewa muda uleule wa kuzungumza na kusikilizwa. Kwa kipindi cha miezi sita, waliofundishwa kujipangia walipiga hatua kubwa zaidi katika kujitegemea. Watu 30 ni wachache, na sitaki mtu atoke hapa akidhani dawa imepatikana. Wachambuzi wa Cochrane, mtandao unaopima ushahidi wa tiba, walioyapitia majaribio ya kutibu upungufu wa nyapara, katika mapitio ya mwaka 2013, walihitimisha kwamba ushahidi wa kuaminika ulikuwa bado hautoshi kusema njia ipi inafaa. Mauzo ya programu za simu za "kunoa ubongo" hayakusubiri hitimisho hilo.

Ninachokiamini zaidi ni kitu kidogo kuliko vyote, kile cha adhana. Mpango wa "nikisikia hiki, nafanya kile" unaikabidhi kazi ya nyapara kwa kitu kilicho nje ya kichwa. Huko Scotland, Ronan O'Carroll na wenzake walijaribu hilo kwa watu 62 waliopona kiharusi na wanaotakiwa kumeza vidonge vya presha kila siku. Kundi moja liliandika lini hasa, wapi hasa, baada ya kufanya nini, litameza kidonge. Chupa zilikuwa na mtambo wa kuhesabu kila zilipofunguliwa. Waliojiandikia walimeza kwa wakati dozi 97 kati ya 100, wengine 87. Kwa mtu ambaye kiharusi cha pili kinamnyemelea, tofauti hiyo ni kubwa, na gharama yake ni karatasi.

Kwetu mpango ulivunjika wiki ya kwanza. Ijumaa isha iliadhiniwa, Shangazi akaisikia, akainuka, akachukua udhu, akaswali, akalala. Mchele mkavu. Binamu alikuwa tayari kuanza kuloweka yeye kila Ijumaa, na ninamwelewa. Kwetu mgonjwa hapangi, mgonjwa hupangiwa, na anayekaa akimtazama mama yake akihangaika huonekana hana huruma. Nadhani hapa ndipo penye ugumu wote kwa familia zetu, kuliko uhaba wa wataalamu. Upendo wetu una mikono mingi na haujui kukaa kimya. Yule dada wa tiba kazi aliporudi hakulaumu mtu. Aliuliza, "Mpango ulikwama wapi?"

Shangazi akafikiri. "Nilipoinuka nikaona ndoo ya udhu. Nikaenda kwenye udhu."

"Sasa?"

Akacheka mwenyewe kabla ya kujibu. Tangu siku hiyo sufuria ya kulowekea, ikiwa na kilo mbili za mchele ndani, hukaa kila Ijumaa mchana juu ya kifuniko cha ndoo ya udhu. Hawezi kuyafikia maji bila kuinyanyua.

Nilikwenda tena Tanga mwezi uliopita. Hauzi kama zamani. Zamani alikuwa akichoma, akipokea pesa, akirudisha chenji na kumsema mtoto wa jirani kwa pumzi moja. Sasa akihesabu chenji vitumbua vinaungua, na akigeuza vitumbua chenji inapotea. Hakuna aliyemfundisha alichokifanya. Ameweka bakuli la bati upande wa wateja, lina noti ndogo na sarafu, na mteja anaweka yake, anachukua inayorudi. Asubuhi ile kijana mmoja mgeni wa mtaa alisimama amemnyooshea noti ya elfu tano, anangoja. Shangazi hakuinua macho kutoka kwenye chuma. Alimalizia kugeuza cha mwisho, akaelekeza uma kwenye bakuli, akarudi kwenye cha kwanza.